Jinsi ya kutengeneza chembe za polima zinazostahimili joto na kudhibiti umbo na saizi yake

Maswali yanayokuja ni yale yale. Chembe zangu zimegandana. Chembe zangu kubwa na ndogo zimechanganyika hata sijui niandike saizi gani. Nimepata bonge la manjano limekaa chini ya chupa. Nimepika kwenye joto kali na bado zinashikana. Kujibu mmoja mmoja hakufiki mbali, kwa hiyo naandika hapa yote kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili wewe unayeanza uingie maabara na mwongozo huu mkononi na utoke na chembe za duara, ndogo, ambazo ukiziweka kwenye nyuzi 250 zinabaki vile vile zilivyoingia.

Polima tutakayotumia ni poliimidi. Ni familia ile ile ya Kapton, ile filamu ya rangi ya kaharabu ambayo DuPont waliitoa miaka ya 1960 na mpaka leo inafunika nyaya za umeme na vyombo vya anga za juu. Poliimidi ikishaiva vizuri haiyeyuki kwa joto, na viyeyushi vingi haviigusi. Hiyo ndo sifa tunayoitaka, lakini ina upande wa pili ambao wanaoanza hawautilii maanani: ukishaipika huna tena nafasi ya kuirekebisha. Huwezi kuiyeyusha ukaimwaga kwenye kalibu, na ukiisaga utapata vipande vyenye kona, hutapata duara. Kwa hiyo umbo na saizi vinaamuliwa mapema, wakati polima bado iko katika hatua ya asidi ya poliamiki (poliimidi mbichi, ambayo pete za molekuli yake bado hazijafungwa), tena ndani ya zile dakika chache za kwanza chembe zinapozaliwa. Kupika kunakuja baadaye na kazi yake ni kukaza kile ulichokwisha kukipata. Ukilishika hili moja, nusu ya matatizo yako yameisha.

Nadharia kidogo tu, ya kukusaidia kazini

Tunachukua monoma mbili, yaani molekuli ndogo za kuanzia, zinazoyeyuka kwenye asetoni, tunazichanganya, zinaungana kuwa mnyororo, na mnyororo ukirefuka asetoni haiwezi tena kuubeba. Hapo unajitenga na kutoka kama chembe. Kama chembe zote zimezaliwa kwa mkupuo mmoja halafu zikakua pamoja, zitakuwa za rika moja na saizi moja. Kama zinazaliwa kwa zamu, za kwanza zitakuwa zimeshanenepa wakati nyingine ndo zinaanza, na wewe unabaki na mchanganyiko. LaMer na Dinegar walilieleza hili mwaka 1950 wakifanya kazi na chembe za salfa, na mpaka leo ndo msingi wa kila anayetafuta chembe za saizi moja. Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Majina ya kemikali hizi yanaandikwa kwa namna nyingi kwenye lebo, kwa hiyo angalia namba ya CAS, ile namba ya utambulisho ya kila kemikali, usiamini jina.

- BTDA, yaani dianihidridi ya benzofenoni yenye kaboksili nne, CAS 2421-28-5, moli moja ni gramu 322.2.
- ODA, yaani 4,4'-oksidianilini, CAS 101-80-4, moli moja ni gramu 200.2.
- Asetoni kavu, chupa mpya iliyofunguliwa karibuni. Ile ya kuoshea vyombo usiilete hapa, ina maji.
- Zailini, ya hatua ya kupika.
- Mizani inayosoma mpaka miligramu, flaski mbili za mililita 250, flaski ya duara yenye kondensa na mtego wa Dean-Stark (wa kukusanya maji yanayotoka wakati wa kupika), bafu ya altrasoniki, sentrifuji, oveni ya vakyumu.
- Vichujio vya sirinji vya PTFE (plastiki ya Teflon) vya maikromita 0.45.
- Mirija ya sentrifuji ya polipropilini yenye vifuniko vinavyobana. Ya polistirini au polikaboneti asetoni itaiharibu, mingine inapasuka ikiwa inazunguka.

Usalama nao, tafadhali usiuruke. ODA imewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la 2B, maana yake huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo poda yake usiivute wala isiguse ngozi. BTDA ni poda inayowasha njia ya hewa. Asetoni inaweza kushika moto hata kukiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo kazi yote inafanyika ndani ya hudi yenye kunyonya mvuke, hakuna moto wa wazi, hakuna jiko la koili karibu. Glavu za naitraili zinapitisha asetoni haraka sana, zikilowa zivue hapo hapo uvae nyingine, usiseme namalizia kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Kausha BTDA. Iweke kwenye oveni ya vakyumu kati ya nyuzi 120 na 150 usiku mzima, halafu ipoe ndani ya desiketa, chombo kinachofungwa na kukaa kikavu. Anihidridi, ambayo hapa ni BTDA, ikikaa kwenye hewa inakula unyevu na pete yake inafunguka kuwa asidi, na asidi hiyo haitaungana na amini, yaani ODA, jinsi unavyotaka. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu poda inaonekana kavu tu kwa macho. Macho hayaoni pete iliyofunguka.

2. Pima BTDA gramu 0.644 na ODA gramu 0.400. Hizo ni milimoli 2 kwa kila moja, na uwiano wa moja kwa moja ndo unaoleta mnyororo mrefu. Ukizidisha upande mmoja hata kwa asilimia chache mnyororo unakatika mapema. Pima kwa haraka na funika mara moja.

3. Yeyusha kila moja kwenye flaski yake kwa asetoni mililita 100. BTDA inachukua muda, iache kwenye bafu ya altrasoniki mpaka uone myeyusho uko wazi kabisa bila vumbi linaloelea. ODA inayeyuka haraka. Myeyusho wa ODA ukiwa na rangi ya kahawia, poda yako imezeeka, tafuta nyingine. Na usiuandae jana ukautumia leo, amini ikikaa na asetoni muda mrefu zinaanza kuungana zenyewe kwa zenyewe.

4. Chuja myeyusho wote wawili kwa vichujio vya PTFE. Kila punje ya vumbi ni mahali ambapo chembe itaanza kukua kabla ya wenzake. Hapa kuna kosa nimeliona zaidi ya mara moja: mtu anachukua chujio la selulosi asetati kwa sababu ndo lililokuwepo kwenye droo, asetoni inaliyeyusha, na anaendelea na kazi akiwa na polima nyingine kabisa ndani ya flaski bila kujua.

5. Linganisha joto. Weka flaski zote mbili kwenye bafu yenye maji ya nyuzi 25 kwa dakika 20 hivi. Asetoni inakaa ndani ya flaski, maji ndo yanakaa kwenye bafu. Usije ukamimina asetoni moja kwa moja kwenye bafu ya altrasoniki, ile ni mashine ya umeme inayopasha joto na mvuke wake utawaka.

6. Washa altrasoniki, halafu mimina myeyusho wa ODA ndani ya ule wa BTDA kwa mara moja. Wote, kwa mkupuo, sekunde mbili tatu. Najua mlifundishwa kudondosha tone kwa tone taratibu, na kwa kazi nyingine ni sahihi, ila hapa ndo unaharibu. Ukidondosha taratibu unazalisha vizazi vingi vya chembe, na baadaye hakuna namna ya kuvitenganisha vizuri.

   Sasa usiondoke, angalia. Mwanzoni ni kioevu wazi chenye umanjano mdogo. Halafu ukishika taa nyuma ya flaski utaona ukingo una rangi ya bluu bluu hafifu, kama moshi uliochanganyika na maji. Hizo ni chembe ndogo sana zinazotawanya mwanga. Baada ya muda mfupi bluu inapotea na flaski nzima inakuwa maziwa ya manjano mpauko. Andika kwenye daftari muda uliopita toka umimine mpaka ukungu wa kwanza uonekane, na muda mpaka maziwa kamili. Namba hizo mbili ni za bure na zitakwambia mengi kuliko unavyodhani, maana ukirudia kazi wiki ijayo na ukungu ukachelewa, ujue kuna kitu kimebadilika kwenye kemikali zako hata kabla hujapeleka sampuli kwenye hadubini.

7. Acha altrasoniki iendelee dakika 30, ukiangalia joto la maji. Bafu hizi zinajipasha zenyewe, weka vipande vya barafu pale inapopanda juu ya 25. Usiache tu ukaenda kula.

8. Sentrifuji. Nguvu ya kama mara 3000 ya mvutano wa dunia kwa dakika 10 inatosha. Ukizidisha sana unapata tofali gumu chini ya mrija ambalo halitawanyiki tena. Mwaga asetoni ya juu kwenye chupa ya taka, weka asetoni safi, tikisa, altrasoniki dakika mbili, zungusha tena. Rudia mara tatu. Unaondoa monoma na minyororo mifupi iliyobaki, na hiyo minyororo mifupi ndo gundi inayokuja kushikanisha chembe zako huko mbele.

9. Usizikaushe. Naliandika peke yake kwa sababu mimi mwenyewe lilinigharimu wiki tatu. Nilikuwa na chembe nzuri kabisa, nikaziacha kwenye bika usiku mzima zikauke ili nipime uzito, asubuhi nikakuta gamba gumu la manjano lililokuwa likilia kama kigae nikiligonga na spatula. Nilipolisaga na kuliangalia kwenye hadubini, duara zangu bado zilikuwepo ila kila moja imeungana na jirani yake kwa shingo nene, na hakuna altrasoniki iliyoweza kuzitenganisha. Chembe za asidi ya poliamiki zikiwa bado na kiyeyushi ni laini, na asetoni inapokauka inazivuta zigusane. Kwa hiyo toka asetoni ingia zailini moja kwa moja: baada ya kuosha mara ya mwisho ongeza zailini, tawanya, zungusha, mwaga, rudia mara mbili.

10. Pika kwenye zailini. Hamishia chembe kwenye flaski ya duara na zailini kama mililita 150, weka sumaku ya kukorogea, mtego wa Dean-Stark, kondensa yenye maji ya baridi, na upitishe naitrojeni taratibu. Pasha mpaka ichemke, karibu nyuzi 140, kwa saa 4. Kama kipimajoto cha mvuke kimeganda huko kwenye 60 au 90, bado kuna asetoni ndani, iache itoke kwanza ndo uanze kuhesabu saa zako. Kwenye mtego usitegemee kuona maji mengi: milimoli 2 za kila monoma zinatoa maji kama gramu 0.07 tu, yaani tone moja mawili yaliyojishika kwenye kioo. Watu wanaona hakuna kitu wanadhani mmenyuko umekataa, wanaongeza joto bure.

11. Poza, zungusha, osha na asetoni mara mbili. Sasa unaweza kukausha bila hofu, maana chembe zimeshakuwa ngumu kiasi cha kuvumilia. Oveni ya vakyumu, nyuzi 100, saa kadhaa.

12. Malizia kwenye joto kavu. Tandaza poda iwe nyembamba kwenye sahani ya kioo kinachovumilia joto au ya alumini, kwenye vakyumu au naitrojeni, nyuzi 150 saa moja, 200 saa moja, 250 saa moja. Panda kwa ngazi hivyo hivyo, maana zailini peke yake mara nyingi haifungi pete zote, na maji yaliyobaki yakitoka kwa ghafla yanatoboa chembe au kuzivimbisha. Kwa BTDA na ODA usipande zaidi ya 250 kwenye hatua hii. Poliimidi hii inaanza kulegea huko karibu na 270 hadi 290, na ukiipeleka hapo ikiwa imerundikana utazishikanisha kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hesabu, kila kitu kikikamilika asidi ya poliamiki ingekuwa gramu 1.04 na poliimidi gramu 0.97, tofauti ikiwa ni maji yaliyotoka. Hutapata yote, sehemu ya minyororo inabaki kwenye asetoni uliyomwaga, ni kawaida.

Kujua kama zimeiva

Spektra ya infraredi inatosha. Mistari ya imidi, yaani pete zilizokwisha kufungwa, iko karibu na 1780, 1720, 1380 na 720 kwa sentimita. Mstari wa 1550 hivi, pamoja na ule wa 1650, ni wa amaidi ya asidi ya poliamiki, ila huku kwenye 1650 hadi 1670 BTDA yenyewe ina kaboni yake yenye oksijeni inayosoma karibu hapo, kwa hiyo kwa polima hii tegemea zaidi kupotea kwa 1550. Ukiona mstari kwenye 1850, hiyo ni anihidridi ambayo haikupata mwenza, rudi hatua ya pili ukaangalie mizani.

Kipimo cha uzito kwa joto kifanye kwa nyuzi 10 kwa dakika ndani ya naitrojeni. Chembe zilizoiva hazipotezi kitu cha maana mpaka upite 450. Uzito ukishuka kati ya 100 na 250, hicho kinachotoka ni maji au kiyeyushi, polima yenyewe haijaanza kuungua.

Kushika saizi

Hapa kila mtu anataka namba moja ya kichawi, haipo. Kuna mikono minne ya kuvuta na sharti ni kuvuta mmoja kwa wakati, mingine ikibaki pale pale.

Wa kwanza na wenye nguvu kuliko yote ni ukolezi. Mapishi ya hapo juu yanakupa moli 0.01 kwa lita baada ya kuchanganya. Fanya mengine mawili, la 0.005 na la 0.02, siku ile ile na chupa zile zile za asetoni. Ukiongeza ukolezi kuna polima nyingi ya kulisha kila chembe na chembe zinakuwa kubwa, lakini pia zinakutana mara nyingi zaidi zikiwa bado laini, na ukipita kiasi unapata mabonge yenye vichwa vingi kama zabibu. Kukua na kugandana ni vitu viwili, hadubini inakuonyesha tofauti: iliyokua ina ngozi moja laini, iliyogandana ina mikunjo pale zilipokutania.

Wa pili ni joto la kuchanganyia. Baridi inapunguza uwezo wa asetoni kubeba mnyororo, kwa hiyo chembe zinazaliwa nyingi zaidi kwa wakati mmoja na kila moja inapata chakula kidogo, kwa kawaida zinakuwa ndogo. Joto linafanya kinyume chake. Tofauti ya nyuzi 5 tu kati ya siku na siku inatosha kukuharibia ulinganisho.

Wa tatu ni namna ya kuchanganya, na wa nne ni kiyeyushi chenyewe. Altrasoniki inatoa chembe ndogo na za saizi moja kuliko sumaku ya kukorogea. Maji yakiongezeka kwenye asetoni kila kitu kinahama, na ndo maana nasisitiza chupa moja kwa mfululizo mzima wa majaribio.

Ukitaka poda nyingi usiongeze ukubwa wa flaski kwa mara kumi. Kwenye flaski kubwa mkupuo wako unachukua muda mrefu kuchanganyika na rika zinaanza kupishana. Fanya flaski kumi ndogo, changanya poda mwishoni baada ya kupima kila moja. Ni kazi ya kuchosha, nakubali, lakini ndo inayotoa poda unayoweza kuitetea.

Ukipima saizi hesabu chembe zisizopungua 200 kwenye picha za hadubini ya elektroni, chukua wastani, chukua mchepuko sanifu, gawanya mchepuko kwa wastani uzidishe kwa 100. Chini ya asilimia 10 una haki ya kusema chembe zako ni za saizi moja. Na tafadhali usichague kona nzuri ya picha. Piga picha sehemu tano za sampuli bila kuchagua, hesabu zote hata zile mbaya. Hadubini ya mwanga wa kawaida haitakusaidia chini ya maikromita nusu, utaona nukta tu na nukta zote zinafanana. Ukitumia kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kumbuka kinasoma kundi lililogandana kama chembe moja kubwa, kwa hiyo namba yake ikizidi sana ya picha, una mgandamano.

Na umbo je?

Kanuni ninayoifuata ni hii: polima ikitoka kwenye myeyusho kama kitone kilaini, mvutano wa uso unaivuta kuwa duara. Ikitoka kwa kujipanga kama kristali, inafuata mpangilio wa kristali, unapata sindano, vibamba au maua. Kwa hiyo ukitaka kubadili umbo jiulize kwanza nitaifanyaje ijipange au isijipange.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa polima ya oksibenzoili, nayo ya joto kali. Ukipasha asidi ya 4-asetoksibenzoiki kwenye parafini ya maji kwa ukolezi mdogo, juu ya nyuzi 300, bila kukoroga, unapata sindano nyembamba ndefu zenye ncha kali. Ukikoroga, sindano zinavurugika. Ukiongeza monoma nyingine yenye mkunjo, kwa mfano ile ya nafasi ya meta, mpangilio unavunjika na badala ya sindano unaanza kupata duara. Nakuonyesha kanuni tu hapa, kazi ya mafuta ya nyuzi 300 siyo ya mtu anayeanza, usiijaribu bila msimamizi aliyeizoea.

Ukitaka duara kubwa za makumi ya maikromita, njia ya asetoni haikufikishi. Hapo unatengeneza asidi ya poliamiki ndani ya kiyeyushi kama DMAc (dimethilasetamidi), unaikoroga ndani ya parafini ya maji yenye safaktanti (kitu kinachozuia matone yasiungane tena) inayopenda mafuta, kama Span 80, mpaka ipasuke kuwa matone, halafu unaongeza anihidridi ya asetiki na piridini ili pete zifungwe matone yakiwa bado matone. Saizi inafuata kasi ya kukoroga, kasi ikipanda matone yanakuwa madogo. Saizi moja kamili hupati kwa njia hii, utalazimika kuchekecha.

Na kama 250 haikutoshi, badilisha BTDA na PMDA, dianihidridi nyingine, CAS 89-32-7, gramu 218.1 kwa moli, yaani gramu 0.436 kwenye mapishi haya. Poliimidi yake inavumilia zaidi ya 350 bila kulegea. Ila fanya BTDA kwanza, ujue flaski nzuri inaonekanaje, ndo uhamie huko, maana PMDA inakula unyevu haraka na haikusamehe.

Mambo yakiharibika

Hakuna maziwa, flaski imebaki wazi. Karibu kila mara ni BTDA iliyolowa au uwiano uliokosewa. Kausha upya, pima upya. Ongeza muda mpaka saa moja kabla hujamwaga, lakini kama kufikia hapo hata ukungu hakuna, mwaga.

Bonge linalonata chini ya flaski. Ukolezi ni mkubwa au altrasoniki haikufika katikati ya flaski. Bafu hizi zina sehemu zenye nguvu na sehemu zilizokufa, weka karatasi ya alumini ndani ya maji dakika moja uone inatoboka wapi, hapo ndo pa kuweka flaski.

Saizi mbili zilizo wazi, kubwa na ndogo, katikati hakuna kitu. Kuna kizazi cha pili. Ulimimina kwa mikupuo miwili, au joto lilibadilika katikati ya kazi.

Chembe nzuri kabla ya zailini, zimegandana baada yake. Hazikutawanywa vizuri kabla ya kupasha. Zailini haipatani na chembe za asidi ya poliamiki, zinapenda kukumbatiana humo, kwa hiyo altrasoniki dakika 10 kwanza ndo uwashe joto, na koroga muda wote.

Poda imekuwa ya kahawia baada ya oveni. Hewa iliingia. Angalia mpira wa mlango wa oveni na uache naitrojeni ipite dakika 30 kabla ya kupandisha joto. Manjano iliyokolea ni sawa, hiyo ndo rangi yake.

Chembe zina vishimo au zimebonyea kama mpira ulioishiwa upepo. Kiyeyushi kilitoka haraka kuliko ngozi ilivyoweza kufuata. Ongeza muda kwenye 100 ndani ya vakyumu kabla ya kupanda ngazi, na kama bado, anza ngazi kwenye 120 badala ya 150.

Infraredi bado inaonyesha 1550 baada ya ngazi zote. Rudisha kwenye 250 saa mbili nyingine. Isipopungua tena, poda ilikuwa nene kwenye sahani na ya chini haikupata joto, itandaze upya iwe nyembamba kiasi cha kuona sahani kupitia poda.